Kaka, Hilo Jino ni Lako

Nairobi, Ijumaa usiku

Kaka Hamza,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, lakini barua hii usimsomee. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Dakika saba, kaka, za kunigombeza kwa kuwekewa jino la kupandikiza badala ya kuleta bati za paa! Mara ya kwanza nilikuwa napindia gauni la mtu, nikauzima katikati nisije nikakata kitambaa kwa hasira. Mara ya pili ilikuwa kwenye matatu, na kijana aliyekaa ubavuni mwangu akaangua kicheko uliposema "jino moja kwa bei ya paa zima". Mara ya tatu ni usiku huu, nimejifunika mablanketi mawili, maana Julai ya Nairobi wewe huijui, maji ya bomba yanauma kama nge. Nimeona niandike. Kwa simu ungenikatiza.

La pesa kwanza, tulimalize. Ni kweli, laki moja na nusu za Kenya, ambazo kwa pesa za huko zinakaribia milioni tatu. Aliyekupa hesabu hiyo ni Mwanaidi, namjua, mwambie nimesikia. Ila hakukwambia kwamba hailipwi kwa mkupuo. Nusu nshalipa, hiyo ni ya skrubu inayoingia mfupani. Nusu ya pili ni ya jino lenyewe, na hilo halivalishwi mpaka mfupa uishike skrubu, miezi mitatu, minne, pengine hata sita. Hapo katikati ndipo bati zako zinapoingia. Nyinyi pigeni kenchi, hizo mbao zisiendelee kunyeshewa uani. Bati nitaleta mie mwisho wa Agosti, kabla ya vuli. Kama nilivyoleta tangi. Kama nilivyomlipa wakili wa shamba la Pongwe, ambalo mjomba Salehe bado analima mihogo kana kwamba hukumu ilisomwa kwa Kichina. Sikuhesabii. Nasema tu kwamba ukinihesabia meno, na mie hesabu naijua.

Na usidhani nimekwama huku. Ulipokuja msiba wa shangazi uliniacha na vyerehani viwili. Sasa vitano, kimoja cha kudarizi. Juzi nimemaliza majoho 60 ya kwaya. Fundi wao wa zamani akaja mwenyewe kuyapapasa mishono akitafuta kosa, akaondoka na kadi yangu. Watu wa Mtaa wa Biashara wanawaelekeza wateja wao kwa "yule fundi wa Tanga", na kadi za harusi wananiletea niwasahihishie Kiswahili, bure, kwa chai. Kanjo, yaani askari wa jiji, na maji yaliyoingia dukani Aprili hayo tuyaache.

Sasa jino. Umesema nimeingiwa na mambo ya kizungu. Umesahau, au unajisahaulisha? Hilo jino ni lako.

Mwaka 1991, baiskeli Phoenix ya marehemu baba, wewe kwenye usukani, kapu la machungwa ya Muheza mbele, mie kwenye karia. Ulinikataza nisikushike kiuno ati nakutekenya. Tulipofika relini ukaona aibu kushuka na kukokota mbele ya wale wasichana wa Barabara ya 12, ukavuka umekaa. Gurudumu likaingia kwenye mfereji wa reli, nami nikaibusu reli kwa jino la mbele. Jino la utu uzima, halina hata miaka miwili kinywani. Damu ukaifuta kwa shati lako la shule, machungwa tukayaokota yote isipokuwa matatu, ukaniapisha: niseme nimeteleza kisimani, nawe ukikua utaninunulia jino la dhahabu kama la bibi. Nikasema kisimani. Mama akakizungushia kile kisima uzio wa makuti, kisima cha watu, hakina kosa lolote.

Unajua lilivyokuwa baadaye, jivu jivu, picha zote za shule nimefumba mdomo. Huku nikasafishwa mzizi wake mwaka 2014, likatulia. Mpaka Desemba. Nilikuwa nakata uzi kwa meno, nikasikia *tak*, kama sindano ya cherehani inapogonga zipu. Mzizi umepasuka wima, wakasema, haliungiki hilo. Nikafokewa juu yake: mdomo si kishikio cha pini wala si mkasi. Miaka 20 na zaidi nabana pini na kukata nyuzi kwa meno ya mbele, kumbe nilikuwa namalizia kazi yako.

Kulitoa ndiko kulikoniharibu akili. Pahala penyewe sipataji, si hapa ninapotibiwa sasa. Mzizi ulitoka vipande vipande, ganzi ikaanza kuisha kabla hawajamaliza. Na kabla ya hapo, mara tu baada ya sindano, moyo ulinienda mbio mpaka nikaanza kutoa shahada kimoyomoyo. Hakuna aliyeniambia kitu. Tangu siku ile nikisikia harufu ya karafuu ya kliniki ya meno mikono inatoka jasho, na fundi mwenye jasho mikononi hashiki hariri.

Kwa hiyo nikapewa jino la kubandika, lina bamba la plastiki la rangi ya ufizi. Mwezi Mei, bibi harusi mmoja wa Buruburu amesimama juu ya kigoda, mie nimepiga magoti napanga upindo wa shela, pini nane mdomoni (ndiyo, tabia haijaniacha). Mama yake akasema jambo la kuchekesha, nikacheka. Pini zikaruka, jino likaruka nazo, likanasa kwenye neti ya shela, limening'inia pale linametameta. Bibi harusi ananitazama kwenye kioo. Nimeziba mdomo kwa mkono, nimeishiwa. Yule msichana ninayemfundisha kazi, Mungu ampe heri, akainama akalichomoa taratibu kama anayetoa uzi wa bandi, akanipa kiganjani: "Madam, kifungo chako hiki."

Siku hiyo nikaamua.

Usiniambie habari ya daraja la meno, nshaulizia. Daraja ni kuwachonga majirani wawili wazima ili wambebe mmoja aliyehama. Sikubali.

Sasa lisomwe hili na wewe peke yako. Miadi ya kwanza ilikuwa wiki mbili zilizopita. Nikafunga duka, nikapanda matatu ya 46, nikashuka Hurlingham, nikafika mpaka getini. Mlinzi akaniuliza naenda kwa daktari gani. Nikamjibu, "Samahani, nimepotea." Nikanunua hindi la kuchoma, nikalitafuna kwa magego ya kushoto, nikarudi mjini kwa miguu. Waliponipigia nikabadili sauti: "Fundi hayupo, amesafiri." Mie huyu! Niliyemtoa yule mwenye nyumba mlangoni kwa maneno matupu! Usiku ule nikawasha simu nikatazama video ya mtu anatobolewa taya, nikaona dakika moja, sikulala mpaka adhana ya alfajiri. Usije ukazitafuta.

Alhamisi nikarudi, si kwa kutobolewa, kwa kuuliza tu. Daktari ni mtoto mdogo, sawa na Asha wako. Hakunicheka. Akatoa taya la plastiki na skrubu yenyewe, akaniwekea mkononi. Ni ya titani, nyepesi, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Kumbe kazi ni ya useremala, kaka, ungekuwepo ungeelewa kabla yangu. Wanaanza na keekee nyembamba, wanafuatisha nene kidogo, halafu nene zaidi, ila tundu linabaki dogo kuliko skrubu kwa unywele ili ijibane yenyewe. Keekee inakwenda polepole na maji yanamiminwa muda wote, kwa sababu mfupa ukikaa kwenye joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unakufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Nikaukumbuka ule mninga wa kitanda cha Bi Tatu, ulivyoutoboa kwa papara mpaka tundu likatoa moshi, na skrubu inacheza hadi leo. Taya la chini ndilo mninga. La juu, ambalo ndilo langu, ni laini kama msonobari. Papara hakuna.

Nikamuuliza nani alifikiria kumtia mtu skrubu kinywani. Akaniambia ni Mswidi, Per-Ingvar Brånemark. Mwaka 1952 alikuwa anachunguza damu ndani ya mfupa wa sungura, ameweka kifaa cha titani, alipotaka kukitoa hakitoki, mfupa umekishika kama wake. Sungura! Katika hadithi zetu zote ndiye anayewakamata wenzake. Mtu wa kwanza kuwekewa skrubu hizo, mwaka 1965, ni Mswidi mwenziwe, Gösta Larsson, na akaishi nazo mpaka alipofariki 2006. Nikapiga hesabu pale pale kitini. Langu likidumu hivyo nitakuwa na miaka 84, sijui nitakuwa natafuna nini.

Lakini kaka, skrubu na sungura havikunitoa hofu. Kilichoitoa, au tuseme nusu yake, ni jambo dogo. Nikamsimulia ule moyo ulionienda mbio. Akasema, "Hiyo ni dawa, si wewe." Kwenye ganzi wanachanganya adrenalini kidogo, inabana mishipa damu isitoke sana na ganzi idumu. Kwa wengine moyo unadunda, mikono inatetemeka, dakika chache, halafu inapita. Miezi yote hii nimekuwa nikijiona mwoga wa kufa, kumbe nilidungwa woga na sindano. Akaahidi ataitia taratibu, na kabla ya hapo atanipaka dawa ya kufisha ufizi. Nesi naye akaongeza kwa Kiswahili chao: "Mum, ni kudungwa tu kidogo, hautaskia kitu." Kwao sindano haichomwi, inadungwa. Neno lenyewe tu linatoboa.

Kisha tukawekeana ishara. Nikiinua mkono wa kushoto, anasimama, hata akiwa katikati. Nikamwambia nitauinua kabla hujaanza. Akasema, "Inua basi, tujaribu." Nikainua, akaweka vyombo chini kweli, akakunja mikono. Nikaushusha, akavishika. Nikainua tena. Tulifanya hivyo mara tatu kama watoto wanaocheza ukuti, na mara ya tatu nikajikuta nacheka mdomo wazi, na pengo.

Kuna vidonge vya kutuliza pia, unameza unakuwa nusu usingizi. Ila ukivimeza lazima aje mtu akurudishe nyumbani. Akauliza, kalamu iko tayari juu ya karatasi, "Nani atakuja kukuchukua?" Kaka, nilikaa kimya muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Miaka 17 Nairobi. Msichana wangu lazima abaki na duka. Nikamwambia vidonge sivitaki, nitakaa macho. Nitahesabu mishono kichwani kama ninapodarizi kofia, na masikioni nitatia taarabu za zamani za kwetu. Chai na mkate nitakula kabla. Nilidhani ni kufunga, kumbe kwa ganzi ya kawaida wanataka uwe umekula.

Baada ya hapo ni barafu shavuni, maji ya chumvi kuanzia siku ya pili, uji na mtori wiki nzima, nyuzi zinatolewa baada ya siku saba hadi kumi. Uji wa huku hauna nazi. Ukimpata mtu wa basi la Mombasa mwaminifu, nitumie nazi tano, na ubuyu usitie, utanitia majaribuni.

Kazi yenyewe ni Jumanne, saa nne asubuhi. Mama aambiwe nina mteja mkubwa. Akisikia kutobolewa mfupa atasoma Yasini mpaka presha impande, na mwisho ataanza kuuliza ilikuwaje jino lenyewe. Usinipigie kabla, utasema neno, nitakasirika, na hasira itanirudisha kwa yule mchoma mahindi. Nipigie saa nane. Mdomo utakuwa na ganzi, sitaweza kukujibu hata herufi. Nafasi hiyo hujawahi kuipata tangu nizaliwe, basi yamalize yote yaliyobaki kwenye zile dakika saba.

Ila uanze na ya relini.

Mdogo wako,
Zuhura

Jino la dhahabu sikudai tena, nimechagua la kauri, nshaonyeshwa mpaka rangi. Bati ni geji 28. Ukipiga za 32 nitazijua kwa mlio wa mvua kwenye simu.