Kabla ya boti ya Alhamisi

Mwanangu,

Salamu zako dada yako amenifikishia, marahaba. Sisi hatujambo. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa kocha amekusanya simu zenu kabla ya pambano lako la ngumi huko Unguja, na hilo simlaumu, maana ungekesha unasoma wanavyokutukana mitandaoni. Isome mpaka mwisho, usiikunje ukaitia mfukoni.

Dada yako alikukuta nyuma ya jimu unatapika, ukamwambia ni uji. Uji gani, baba, na wewe wiki nzima huli? Anasema umevaa masweta mawili na ndani mfuko wa nailoni, jua la saa saba la Manzese, unaruka kamba huku unatema mate kwenye kopo, eti bado kilo mbili za kupunguza. Usiku hulali, moyo unakupiga hadi unausikia kwenye mto. Hayo ulimwapisha asiniambie. Ameshindwa, na usimgombeze.

Nilimuuliza yule nesi anayekula kwangu mchana. Akasema woga wa kabla ya shindano si ugonjwa. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia misuli na tumbo linaachwa hivihivi. Ndiyo maana kichefuchefu, ndiyo maana mdomo unakauka na choo hakiishi. Hapo nikapumua. Kisha akaongeza neno ambalo ndilo linaniamsha saa tisa za usiku: mtu aliyejikausha maji naye moyo unamwenda mbio, naye anaona kizunguzungu, naye mdomo mkavu. Sasa wewe, moyo ukidunda, utajuaje kama ni hofu au ni kiu? Unasema ni presha ya pambano tu. Nani amekupima?

Mwambie daktari. Siku ya kupima uzito atakuuliza unajisikiaje, na najua utamjibu uko fiti. Usimjibu hivyo. Mwambie hulali, mwambie unatapika, mwambie na habari ya moyo. Na kocha umwambie leo, kabla hamjapanda boti.

Nawajua mabondia na tambo zenu. Unasimama kwenye mzani mbavu nje, unamwambia mwenzio aje na machela yake, promota anachekelea, waandishi wanasogeza simu. Na mimi nilicheka, sitasema uongo. Video ile niliwaonyesha wateja wangu wote, hata wa bodaboda ambao hawajalipa. Ila nilikuwa nakutazama mkono. Kidole gumba unakifikicha kwenye lastiki ya bukta, unakifikicha, hadi kucha imekuwa nyeupe. Wateja hawakuona. Mtu anayepiga kelele vile mbele ya kamera halafu anatapikia uani, kelele zile anampigia nani?

Baba yako mdogo kila jioni ni Mwakinyo, Mwakinyo. Kweli, 2018 bondia wetu huyo alikwenda Birmingham, Uingereza, akammaliza Sam Eggington wa kulekule raundi ya pili, na nchi nzima ikalala macho. Lakini watu wa kule hawakumjua, hakuna aliyemtarajia. Wewe unakwenda uwanja wa Amaan na Manzese nzima ipo mgongoni. Wanawake wa kikoba wameshaanza kuniuliza kiwanja utanunua Chanika au Mbagala. Sijui nani aliwaambia habari za kiwanja. Watu wana maneno.

Mdogo wako alinionyesha yule binti wa Marekani, Simone Biles, wa ile michezo ya kupinduka hewani. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, 2021, akiwa hewani akawa hajui tena mwili wake uko wapi, akajitoa fainali ya timu dunia nzima ikitazama. Wakamwita mwoga. Paris, 2024, akarudi akachukua dhahabu. Sisemi ujitoe. Ukijitoa bila sababu baba yako mdogo atahama mtaa. Nasema yule binti alifungua mdomo.

Na vile vidonge vya kukojoza ambavyo mwenzenu anawagawia hapo jimu, achana navyo. Vimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, na hayo maji yenyewe ndiyo vinayoyamaliza. Usiku moyo ukianza, vuta pumzi kwa pua, itoe taratibu kwa mdomo, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Nesi anasema inasaidia. Mimi nimejaribu tangu juzi, nimelala kidogo. Kwenye boti kaa penye upepo utazame mbali, usikae ndani na harufu ya mafuta. Tumbo lako halihitaji kazi ya ziada.

Una akili wewe, kuliko sisi sote humu ndani. Ubishi tu umerithi. Walivyokupa mkanda ule wa mkoa nilijifungia chumbani nikalia, hujui hilo. Nitakuja Unguja? Siji. Nikija utanitafuta kwa macho badala ya kumtazama mwenzio mikono. Dada yako atakuja.

Mwenye nyumba amepandisha kodi, anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Usiliwaze. Nimekuambia kwa sababu baba yako mdogo angekuambia, tena vibaya. Hela ya pambano ni yako, kodi nitaipata kwenye mchezo wetu wa upatu, zamu yangu inakaribia. Bomba nalo limekauka tangu Jumatatu, tunanunua kwa madumu, na mchele umepanda, sahani nimeongeza bei na watu wananuna.

Kwenye begi nimeweka ndizi mbivu, asali na chumvi kidogo kwenye karatasi. Ni vya baada ya mzani. Ukishapima kunywa maji kidogo kidogo, usiende kubugia chipsi na wenzako. Taulo la bluu ni la mdogo wako, lirudi.

Na ufunguo wa kabati umeuweka wapi? Sare za mdogo wako zimo humo na Jumatatu anaanza mtihani. Ukishaongea na kocha kuhusu moyo, mwelekeze dada yako ufunguo ulipo, aje nao leoleo, maana fundi wa kuvunja kitasa anataka elfu kumi.

Mama yako