Kocha mzuri ajue kunyamaza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba kocha wa mchezaji mkubwa wa tenisi sharti awe bingwa wa zamani. Toni Nadal hakutamba katika tenisi ya kulipwa, lakini alimnoa Rafael Nadal, mtoto wa ndugu yake, tangu utotoni hadi 2017, mwaka ambao kijana alitwaa French Open, moja ya mashindano makubwa manne ya tenisi duniani, kwa mara ya 10.

Mimi nafundisha watoto hapa Mbeya. Kwa miaka mingi nilifundisha kwa kelele. Nasimama nje ya seng'enge: "Rudi nyuma! Kunja goti! Mpeleke kushoto!" Binti mmoja wa kidato cha pili, mwenye mkono mzuri kuliko wote niliopata kuwafundisha, akazoea kunitazama kila pointi ikiisha.

Tukateremka Dar es Salaam kwenye mashindano. Huku kwetu, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unakimbia. Ndiyo maana hutengenezwa hata mipira maalumu ya nyanda za juu. Kule pwani hewa ni nzito, mipira ya yule binti ikawa inafia kwenye wavu. Dawa ilikuwa ndogo tu, aupandishe mpira zaidi. Sheria ya mashindano ilinikataza kumwambia wakati wa mechi. Akanitazama, nami nikainamisha kichwa. Alifungwa seti zote mbili, akalia njia nzima kurudi stendi.

Kosa lilikuwa langu. Ningemzoesha kufikiri, angeligundua mwenyewe kabla ya gemu ya tatu.

Siku hizi nauliza: mpira umeangukia wapi, na kwa nini? Kisha nasubiri, hata dakika nzima. Baadhi ya wazazi huniuliza wananilipa kwa kazi gani.

Najua wakubwa wamelegeza sheria. Mwaka 2018 Serena Williams alionywa katika fainali ya US Open kwa ishara za kocha wake. Kufikia 2022 mashindano ya kulipwa ya wanaume yalianza kuwaruhusu makocha kusema na wachezaji kutoka jukwaani. Hata hivyo, kati ya pointi na pointi ni sekunde 25, na anayetupa mpira juu kuanzisha ni mchezaji peke yake.

Wazazi wenzangu, Jumamosi naomba mkae kwenye benchi chini ya mkaratusi, si kwenye seng'enge. Nami nitakaa hapo hapo.

Kocha wa vijana,
Soweto, Mbeya