Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti: logi za manowari katika maji yetu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu zimekwenda kwenye faharasa kuliko kwenye picha. Wapo waliotarajia picha zaidi, na ninawaelewa. Lakini picha ya ukurasa wa logi ambayo mtu hawezi kuitafuta kwa jina la mahali wala kwa tarehe ni sawa na daftari lililofungiwa kabatini.

Kwa wanachama wapya: logi hizi ni madaftari ya kumbukumbu za kila siku za manowari za Uingereza zilizozunguka Unguja, Pemba, Kilwa na Lamu katika karne ya 19. Asili zake ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, katika kundi ADM 53. Mwenye kadi ya msomaji huruhusiwa kuzipiga picha mwenyewe bila malipo, mradi asitumie flashi.

Kila tukio linapewa mstari mmoja: meli, tarehe, saa, mahali, upepo, maelezo na jina la faili ya picha. Mahali panaandikwa mara mbili, kwanza kama afisa wa zamu alivyoandika, kisha kama tunavyopaita sisi. Bila hivyo "Monfia" haitapatikana kwa anayetafuta Mafia, wala "Brava" kwa anayetafuta Barawa. Saa inakiliwe kama ilivyo. Baadhi ya wanakili waligeuza saa za logi kuwa saa za Kiswahili, 9 ikawa 3, na mistari hiyo yote imebidi irudiwe. Kosa hilo lingetuumiza sana kwenye tarehe 27 Agosti 1896, siku kasri la Unguja lilipopigwa mizinga. Vitabu vinatofautiana kama vita vile vilichukua dakika 38, 40 au 45. Bandarini kulikuwa na manowari tano za Uingereza, St George, Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon, na kila logi inasimama na saa yake. Hatuzisawazishi.

Upepo umekuwa msahihishaji wetu mzuri. Nguvu yake imeandikwa kwa kipimo cha Beaufort, 0 hadi 12. Mwezi wa saba ni kusi, upepo utokao kusini. Mnakili akituletea NE 6, yaani upepo wa kaskazini-mashariki wa nguvu 6, kutoka Unguja mwezi huo, tunarudi kwenye picha, kwa kuwa mara nyingi amesoma S (kusini) kuwa N (kaskazini). Ikionekana kweli imeandikwa NE, inabaki NE. Baromita, yaani shinikizo la hewa, nayo inabaki kwa inchi za zebaki. Anayetaka hektopaskali azidishe kwa 33.86 katika safu ya pembeni. Kila ukurasa unanakiliwa na watu wawili wasioonana, na wa tatu anaamua wanapotofautiana. Mradi wa Old Weather, wa kunakili logi za meli kupitia mtandao, ulioanza 2010, nao ulimpa zaidi ya mtu mmoja ukurasa uleule.

Kuhusu majahazi ambayo manowari hizi ziliyakamata kwa kubeba watumwa, naomba tuwe makini. Logi ni kauli ya mkamataji. Zawadi ya fedha ilifuata idadi ya watumwa waliookolewa au tani za jahazi, kwa hiyo vipimo vya jahazi lililokwisha kuchomwa moto visichukuliwe kuwa ushahidi kamili. Manowari HMS London, iliyowekwa bandarini Unguja tangu 1874, ina tatizo jingine: msako ulifanywa na mashua zake, hasa upande wa Pemba, na logi ya meli mara nyingi inataja tu kuondoka na kurudi kwa mashua. Mistari ya namna hii tunaiwekea alama, ili ilinganishwe na karatasi za Ubalozi mdogo wa Uingereza zilizoko katika Hifadhi ya Nyaraka za Zanzibar, Kilimani.

Hifadhi ya picha: ukurasa wa inchi 8 kwa 13, kwa dpi 400 (nukta 400 kwa inchi) na rangi ya biti 24, ni kama MB 50 katika TIFF, faili ya picha isiyobanwa. Daftari la kurasa 400 linahitaji GB 20. Tunaweka nakala tatu, moja ikiwa mji mwingine, na kila faili ina alama ya SHA-256, inayoonyesha kama faili imebadilika, na hukaguliwa upya kila baada ya miezi sita. Kwa wasomaji tunatoa JPEG, faili ndogo zaidi. Hesabu za fedha atazisoma Mhazini.

Mwaka ujao tunaanza na mabaharia wa pwani waliochukuliwa kazini melini, ambao Waingereza waliwaita "Seedies". Wengi waliandikwa kwa majina ya kubandikwa, hivyo vyeti vyao vya utumishi vilivyobaki majumbani ndivyo vinavyoweza kutuunganishia jina la kubandikwa na jina la nyumbani. Mwenye cheti cha babu yake asikilaminishe, kwani plastiki hiyo haitoki tena bila kuharibu karatasi, wala asikigundishe kwa selotepu, maana gundi yake huacha doa la manjano. Akiwa ameona kuvu, asikipanguse kikiwa na unyevu. Akiache kikauke kivulini penye hewa. Kisha akiweke kati ya karatasi mbili safi, ndani ya bahasha isiyokunjwa, akilete Jumamosi. Tutakipiga picha mbele yake na kumrudishia papo hapo.

Mwenyekiti