Kuhusu sindano za Mama Tunu

Kwa dada yangu mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kuziandika mbiombio. Barua yako kuhusu Mama Tunu imenikosesha usingizi, hasa pale uliposema kwamba Hamadi ameshampata mnunuzi wa kiwanja cha Kigamboni, ili ampeleke mama huku Ujerumani kudungwa sindano za tezi ya ndama kwa ajili ya saratani yake.

Sindano hizo nazijua. Huku husifiwa sana na wanaochanganya matibabu ya hospitali na tiba za ziada: huchukuliwa tezi ya thaimasi ya ndama, ambayo kwetu sisi binadamu iko nyuma ya mfupa wa kifua na ndimo chembe T za kinga hupevukia, kisha peptidi zake, yaani vipande vifupi vya protini, huchujwa na kudungwa mgonjwa ili kinga yake ipate nguvu. Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mtafiti Goldstein na wenzake wa Marekani walipata katika tezi ya ndama peptidi yenye asidi amino 28, thaimosini alfa 1, ambayo leo hutengenezwa maabara bila kumgusa mnyama. Lakini mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 26 yenye wagonjwa 2,736, hayakuona kwamba dondoo za tezi hiyo hurefusha maisha ya wenye saratani. Zilionekana kupunguza maambukizi makali, na hata hapo watafiti walitaka zichunguzwe zaidi kabla ya kutumiwa kwa kawaida. Hamadi amesoma mstari wa maambukizi, akaona unatosha kuuzia kiwanja. Ndama wa Ujerumani wamekuwa ghali kuliko ardhi ya Kigamboni!

Na zile chembe hai za kondoo alizoziongeza, asizitaje tena: mwaka 2014 wakazi watano wa New York waliokuja kudungwa chembe za vijusi vya kondoo waliugua homa ya Q, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo.

Narudi kwenye kiwanja. Mama Tunu yuko katikati ya dripu zake pale hospitali ya saratani ya Ocean Road; safari itamkatisha dozi ambazo faida yake inajulikana.

Je, daktari wake ameambiwa? Zimebaki dozi ngapi? Hamadi ameshapokea arubuni? Bado anamsikiliza Mzee Kombo? Na mama mwenyewe, kuna aliyemuuliza anataka nini? Nitumie karatasi ya bei waliyopewa, niisome kabla hawajatia saini.

Nduguyo,
Asha