Mwaka wetu katika Maktaba ya Kaloleni

Ndugu wanakikundi, hamjambo? Tunapofunga mwaka wa shughuli zetu katika Maktaba ya Kaloleni, ambayo pamoja na ile ya Makadara ni tawi la Maktaba ya McMillan ya jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambamo Waafrika hawakuruhusiwa kuingia kwa miaka mingi, nawashukuru nyote kwa kujitolea. Kipindi cha hadithi cha Jumamosi ndicho kilichonigusa zaidi: watoto waliojificha nyuma ya nyanya zao sasa wanagombania zamu ya kusoma kwa sauti, vidole vikifuata mistari. Masomo ya kompyuta nayo yalihudhuriwa vyema. Mwenye vitabu vya watoto vya Kiswahili, hata vilivyochakaa kidogo, tafadhali amkabidhi mkutubi kabla ya Januari, kwani rafu hiyo ndiyo huisha kwanza.