Baba, barua hii usiirushe kwenye kundi

Annaba, Algeria, Ijumaa jioni

Baba na Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni.

Najua mtashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Aliyewakabidhi barua hii ni mwenzangu wa Sengerema, amemaliza masomo na anarudi moja kwa moja. Nimempa mkononi kwa sababu ile sauti ya mwezi uliopita, Baba, niliyokutumia wewe peke yako, Doto alinirudishia baada ya siku mbili ikiwa imeshapita kundi la ukoo, kundi la jumuiya na la wanakwaya. Sikukasirika. Ila hii isomeni nyumbani, halafu iwekwe ndani ya Biblia. Isipigwe picha. Humu kuna watu ambao wakijulikana watapata shida kubwa kuliko mimi.

Swali lako nimelisikiliza mara nyingi: "Huu mwaka wa pili uko huko, umemhubiria nani?" Liliniuma kwa sababu nakujua. Wewe ni katekista uliyehubiri hadi kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, watu wamekaa ndani ya basi hawana pa kukimbilia. (Sasa daraja limefunguliwa, magari yanapita moja kwa moja mpaka Busisi, unawapatia wapi? Na Mama samaki wake anawauzia akina nani?)

Baba, huku mambo si kama kwetu. Kuna sheria ya mwaka 2006 inayosema anayemshawishi Mwislamu aache dini yake afungwe miaka 2 hadi 5, na faini ni dinari laki 5 hadi milioni 1. Kumpa mtu kijitabu tu kunaweza kukufikisha huko. Sisi Wakatoliki tunaachwa tusali, maana wengi wetu ni wageni, wanafunzi weusi kutoka kusini mwa jangwa. Shida inawaangukia wenyeji, hasa Wakabili wa milimani waliompokea Kristo na kusali katika makanisa ya Kiprotestanti. Tangu mwisho wa 2017 makanisa yao yamekuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Oktoba 2019 likafungwa lile kubwa la Tizi Ouzou. Leo yaliyobaki wazi ni ya kutafuta kwa tochi.

Nina rafiki kutoka huko. Alinionyesha kwenye simu picha ya mlango wa kanisa lao: komeo, kamba, na lakiri nyekundu iliyogandishwa juu ya fundo kama damu ya kuku. Ndani wameacha viti na maikrofoni vilevile. Mama yake, mtu mzima kama Bibi, kila wiki anakwenda kufagia kizingiti, kisha anarudi nyumbani. Mlango haugusi, anafagia tu. Nilimuuliza rafiki yangu mama anafikiri nini. Akasema hajawahi kumuuliza, lakini ufagio akiuficha mama ananuna siku nzima.

Basi Baba, sasa nikuungamie kabla sijajitetea. Mwezi wa kwanza kabisa, kijana tuliyepangiwa chumba kimoja aliniuliza kwa upole, wala si kwa ubaya, "Wewe ni Mkristo?" Nikamjibu, "Mimi natoka Tanzania." Eti hilo ndilo jibu! Yeye akadhani sijaelewa Kifaransa, akauliza tena polepole, na mimi nikajifanya kweli sijaelewa. Rozari ya Bibi ilikuwa mfukoni, naisikia inanigusa pajani. Bahati yangu hosteli hazifugi jogoo. Usiku ule sikulala, nikakukumbuka unavyotuambia watoto wa komunyo kwamba Petro hakuogopeshwa na askari, aliogopeshwa na kijakazi.

Kilichoninyanyua ni Ijumaa. Huku wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili watu wako kazini, kwa hiyo sisi Ijumaa ndiyo tunapanda kwenda Misa, kwenye basilika ya Mtakatifu Augustino, juu ya kilima. Dada alivyosoma chuo kikuu pale Malimbe miaka mitatu akivaa jina la Augustino kwenye fulana, sidhani kama aliwahi kufikiri kwamba mwenyewe alikuwa askofu wa mji huu ninaoishi. Uliitwa Hippo. Alifia hapa mwaka 430 mji ukiwa umezingirwa na jeshi la Wavandali. Kwenye basilika kuna sanamu yake amelala, na ndani ya mkono wa sanamu umewekwa mfupa wa mkono wake wenyewe. Ukisimama pale ukumbuke kwamba zamani pwani hii yote ilikuwa na maaskofu, halafu utazame benchi zetu tulizojaza safu nne, ndipo utaelewa kumtumainia Mungu kunamaanisha nini pale hesabu inapokataa.

Kuna jingine ambalo Babu angelifurahia sana. Mapadre Weupe waliojenga misheni ya Bukumbi, shirika lao lilianzishwa hapahapa Algeria, 1868, na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers. Waliotangulia wakaifikia pwani yetu ya ziwa, kule Kageyi, mwisho wa 1878. Yaani imani iliyombatiza Babu ilipitia huku kwanza. Na unakumbuka Babu alivyokuwa akitusimulia habari za Mwanga, Kabaka wa Buganda? Aliwachoma akina Karoli Lwanga pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Miaka miwili baadaye yeye mwenyewe akapinduliwa, akakimbia kwa mtumbwi hadi Magu, na mwishowe akahifadhiwa Bukumbi, kwa mapadre wa shirika lilelile lililowafundisha dini vijana aliowaua. Kila Juni tunaimba nyimbo za mashahidi, lakini kipande hiki tunakiruka: kwamba mtesaji alifika kwetu ana njaa, akapewa chakula. Huku nimekuwa nikikiwaza kuliko moto wenyewe.

Maana huku nako damu imemwagika. Katika vita vya miaka ya 1990 waliuawa watawa na mapadre 19, ambao Kanisa liliwatangaza wenyeheri mjini Oran tarehe 8 Desemba 2018. Wanne ni Mapadre Weupe, walipigwa risasi Tizi Ouzou siku mbili baada ya Noeli ya 1994. Mwingine ni Askofu Pierre Claverie wa Oran, aliyeuawa kwa bomu mlangoni pa nyumba yake tarehe 1 Agosti 1996, akiwa na dereva wake. Dereva alikuwa kijana Mwislamu, jina lake Mohamed Bouchikhi. Alijua kabisa kumwendesha askofu wakati ule ni hatari, lakini akabaki. Wakafa pamoja.

Mama, hapo naomba unisikilize wewe hasa. Nimesikia kwamba tangu ile sauti yangu isambae, kuna watu wa jumuiya wanamtazama Baba Mdogo, kwa kuwa ni Mwislamu, kama vile yeye ndiye aliyetia lakiri kwenye milango ya Tizi Ouzou. Baba Mdogo aliyenilipia nauli ya kwenda Dar kuchukua viza! Tafadhali. Nikisimulia mateso ya huku sitaki yageuke fimbo ya kumpigia mtu wa Misungwi.

Sasa nijibu swali. Jirani na basilika masista wana nyumba ya wazee. Wazee wenyewe karibu wote ni Waislamu wasio na watu. Baada ya Misa baadhi yetu tunabaki kusaidia, na kazi yangu ni kucha. Ukikua umewashika ng'ombe miguu, kucha za mzee hazikushindi. Kuna mmoja alikuwa kuli bandarini, miguu yake imepasuka kama udongo wa jaruba wakati wa kiangazi. Wiki tatu hakunisemesha. Wiki ya nne nikiwa nimeuloweka mguu wake kwenye beseni, akaniuliza:

"Wanakulipa kiasi gani?"

"Hawanilipi."

"Basi kwa nini?"

Nikamtazama sista. Anakunja mashuka, hainui uso. Moyo ulinidunda, nikakumbuka ile miaka 2 hadi 5. Halafu Kifaransa kikaja chenyewe, kifupi, kibovu: "Kwa sababu Yesu aliwaosha rafiki zake miguu. Mimi ni mtu wake."

Mzee alinyamaza. Nikadhani nimeharibu, ataita mtu. Akautoa mguu kwenye maji, akaniletea wa pili. "Basi na huu," akasema.

Nilipokuwa namwaga maji nilimuuliza sista kama nimefanya kosa. Akasema, "Uliulizwa, ukajibu. Hukwenda kupiga mnada."

Hayo ndiyo mahubiri yangu yote ya miaka miwili, Baba. Dakika moja na beseni. Najua hayafai kusomewa parokiani. Lakini yule wa chumbani naye nilimrudia, nikamwambia ukweli, kwamba lile jibu la Tanzania lilikuwa woga. Alicheka mpaka akakaa chini. Alishaiona rozari siku ya kwanza.

Mama, usiniambie nirudi kabla ya shahada. Naogopa, ndiyo, baadhi ya siku. Usiku huwa nasali ile sala uliyokuwa ukiisali upepo ukivuma na mtumbwi wa Mjomba haujarudi, unasali huku unaendelea kuchambua dagaa. Kumbe ndivyo inavyosaliwa.

Mkitoa nia ya Misa, msitaje mji wala jina. Mseme tu "wale waliofungiwa milango".

Mfuko mweusi una tende. Ni za Baba Mdogo, za futari, zimetoka Biskra kabisa. Mama, nimezihesabu.

Kulwa wenu