Pensheni zetu zisikabidhiwe kampuni binafsi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaorudi hapa Tanzania kila kinapotajwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Wapo watumishi wanaosema kuwa ni heri mchango wa kila mmoja uwekwe katika akaunti yake na kusimamiwa na kampuni binafsi, kuliko kuachwa katika mfuko wa umma. Hasira yao naielewa. Mtu aliyetumikia akijua atalipwa nusu ya mafao yake kwa mkupuo, kisha mwaka 2022 akaambiwa ni asilimia 33, hatulizwi kirahisi hata baada ya bajeti ya 2024/25 kumpandishia hadi asilimia 40. Hata hivyo, dawa wanayoitaka ilikwisha kunywewa kwingine.

Chile ilianza mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Augusto Pinochet. Mfanyakazi alikatwa asilimia 10 ya mshahara, fedha zikaenda kwa kampuni binafsi zilizomtoza ada, na mwajiri akaondolewa wajibu wa kuchangia pensheni. Majeshi na polisi hawakuingizwa katika utaratibu huo, jambo ambalo kwangu linatosha kumtia mtu shaka. Wenye ajira za vipindi, na wanawake walioacha kazi ili kulea watoto, walizeeka na akiba isiyowatosha, hata serikali ikalazimika mwaka 2008 kuwaanzishia pensheni inayotokana na kodi, na mwaka 2025 ikapitishwa sheria ya kumrudisha mwajiri katika uchangiaji. Argentina, iliyofuata njia hiyo mwaka 1994, iliiacha mwaka 2008.

Kuna swali ambalo sijasikia likijibiwa. Asilimia 5 anayokatwa mtumishi leo, pamoja na 15 ya mwajiri wake, ndiyo inayosaidia kumlipa aliyestaafu jana. Ikihamishiwa akaunti binafsi, huyo wa jana atalipwa na nani? Jibu tunalo hapahapa nyumbani. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuwa wakichangia pensheni. Ulipoanzishwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, serikali ilibeba jukumu la kulipia miaka yao ya nyuma, lakini ikachelewa, na mfuko ukawa unawalipa kwa michango ya wenzao walio kazini. Desemba 2021, deni likiwa limerithiwa na PSSSF, mfuko uliochukua nafasi ya PSPF, serikali iliutolea mfuko hatifungani maalumu isiyo taslimu ya Sh trilioni 2.17, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa baadaye, si fedha mkononi. Hayo yote yalitokana na badiliko moja tu, tena fedha zikiwa bado mikononi mwa umma.

Sisemi kwamba mfuko wa umma hauna kasoro. Mimi mwenyewe nilistaafu nikakaa miezi mingi bila senti, nikizungushwa na faili mkononi, kwa sababu michango ya miaka kadhaa haikuonekana katika kumbukumbu zangu. Lakini kampuni binafsi nayo isingenilipa fedha ambazo mwajiri hakuziwasilisha.

Tunachopaswa kukidai ni kwamba kila mwajiri, serikali ikiwa ya kwanza, awasilishe michango kwa wakati. Tathmini ya uhai wa mfuko, yaani hesabu ya kupima kama utaweza kuwalipa wastaafu wa kesho, itangazwe kwa Kiswahili ili wanachama wote waielewe. Na pasiwe na mradi wa majengo unaogharimiwa kwa fedha zetu kabla hatujaelezwa utarudisha kiasi gani, na lini.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro